Upande wa Nyuma

Gugumaji nililivuna mwenyewe pale Dunga,
nikalikata, nikalichemsha na majivu katika sufuria
ambayo tangu siku hiyo haijapika mboga.
Siku tatu linanuka. Jirani akauliza ni dawa ya nani.
Nikalitwanga, nikalichuja kwa chandarua kuukuu,
nikalianika juu ya bati:
karatasi nne. Moja ikapeperuka hadi kwa kina Ogutu,
tatu zikakauka ngumu kama chapati za juzi.

Rangi ya kwanza ilikuwa udongo mwekundu wa Maseno
ulionijia ndani ya mkebe wa Kimbo.
Nikauchanganya na kiini cha yai. Ukapasuka.
Nikajaribu gundi ya mbao. Ukang'aa kama sakafu ya benki.
Nikajaribu uji wa muhogo.
Ukanyamaza, ukaingia ndani ya karatasi
kama mgeni anayejua viatu huvuliwa wapi.

Muhuri niliuchonga kwenye soli ya ndala,
ya mguu wa kushoto, kwa wembe.
Nilitaka samaki. Likatoka jani. Nikaambiwa ni jicho.
Nikaugonga juu ya nusu ya shuka
niliyonunua Kibuye kwa shilingi hamsini,
yenye jina la hospitali ya nchi nisiyoijua:
kugonga, kuinua, kugonga, kuinua.
Safu ya nne rangi ikaanza kwisha,
samaki wakawa vivuli vya samaki,
nami sikuongeza rangi.

Usiku usubi wa ziwa walifuata taa,
wingu zima, wakatua palipokuwa pabichi.
Asubuhi nikahesabu hadi sitini, nikaacha.
Nilijaribu kuwang'oa kwa kibano; mbawa zikabaki.
Basi na zibaki.

Nikazishonea karatasi juu ya kitambaa kwa uzi mweusi,
nikabandika bili ya maji ya mwezi wa pili
(deni bado lasomeka, ukisogea),
nikakitundika kwa misumari miwili
na kumwita Dorsila Apondi,
aliyeshona sare za shule tatu hapa Nyalenda
na asiyesifu kitu mpaka kivaliwe.

Hakutazama samaki. Hakutazama udongo.
Alishika pindo, akakigeuza
kama anavyogeuza gauni kabla ya kusikia bei,
akasoma mgongo:
mafundo, uzi uliovuka bila ruhusa,
rangi iliyopenya ikatia doa pasipotarajiwa,
herufi za hospitali zikienda kinyumenyume,
mahali sindano ilipotoboa mara mbili
kwa sababu mara ya kwanza nilikosea.
Kidole chake kikakaa pale penye kosa
muda mrefu kuliko nilivyokaa mimi.

"Mbele umejipamba," akasema. "Huku umefanya kazi."

Kisha akaomba maji ya kunywa,
akauliza kama ile nusu nyingine ya shuka ipo,
maana ana mjukuu.

Nimekigeuza. Misumari ni ileile.
Samaki sasa wanatazama ukuta,
na mvua ya saa kumi ikipiga, unyevu ukipanda,
karatasi hujikunja, ikafunua pembe moja tu:
mkia, au ncha ya jani,
au ukope.