Ukiona Vyasimama

Kiwanda kilichoizaa Isabella kilikufa
kabla sijaota meno,
kule Bremen, ng'ambo ya maji na mabenki.
Mimi niko Paysandú,
nimepiga magoti kwenye saruji ya gereji ya baba
na silinda ya gurudumu la nyuma kiganjani,
imeoza kama gego.

Nilianza na simu.
Montevideo walicheka.
Salto walikuwa nayo, ya mbele, nami nataka ya nyuma.
Mzee mmoja wa Rosario aliapa kwa kaburi la mamaye
kwamba anazo mbili, mpya, ndani ya karatasi ya nta.
Nilivuka daraja, nikalala kwenye basi,
nikafika nikakuta amezifunga kwenye gari lake
usiku uleule, kwa wivu.
Sikumlaumu. Alinipa chai chungu ya mrija
na bisikuti tatu za safari.

Basi nikairudia ile mbovu,
nikaibembeleza kwa mafuta ya taa siku mbili.
Pistoni ilitoka ikilalamika.
Nyuma yake, mahali pa raba,
palikuwa na duara la ngozi,
jeusi, limekatwa kwa wembe,
na juu yake nusu ya kichwa cha farasi.

Farasi wale nawajua.
Walizunguka kiuno cha baba, kumi na wawili,
pua kwa mkia.

Kumbe mwaka ule wa ukata,
tulipokwenda Guaviyú kuoga maji ya moto,
watoto watatu nyuma, bibi na kikapu mbele,
tulikuwa tukisimamishwa na mkanda wako?
Kumbe ndiyo maana ulianza kupunguza mwendo
tangu kwenye mikaratusi,
kilomita nzima kabla ya lango,
nasi tukakuita kobe,
nawe ukacheka,
mkono mmoja ukipandisha suruali.

Nilivipeleka vyote kwa Bautista Irigoyen, mwenye kerezo,
vidole vinane, redio moja, kalenda hana.
Hakuuliza gari gani.
Aliuliza, "Ina uzito gani, na nani ataiendesha?"
Akapima tundu, akakunja uso.
"Usipime palipolika.
Pima huku mwisho, ambako pistoni haijawahi kufika.
Hapo chuma bado kinakumbuka."
Shaba aliitoa kwenye pampu
ya kiwanda cha nyama kilichofungwa;
akaikereza bila neno,
vinyweleo vya manjano vikimwangukia butini
kama nywele za mtoto anyolewaye.
Ngozi ya baba aliishika muda mrefu,
akaigeuza, akainusa.
"Huyu," alisema, "alikuwa na mkono."
Akanirudishia ikiwa imefungwa kwenye gazeti.

Jumapili, mpwa wangu Maite kwenye usukani,
mimi chini na chupa na kimpira chembamba.
Kanyaga.
Shikilia.
Mapovu.
Achia. Kanyaga tena.
Mapovu machache.
"Shangazi, mguu unachoka."
Nilitaka kumwambia habari za mguu mwingine.
Nikasema: Shikilia.
Mpaka mafuta yakaja yenyewe, kimya,
hayana pumzi ndani.

Tukashuka mtaa unaoelekea mtoni.
Mbwa wa muuza mikate akaamua kuvuka,
taratibu, kama mwenye hati ya barabara.
Sikuanza mbali. Sikuhesabu mikaratusi.
Nilikanyaga pale pale.

Ukiona vyaelea, vimeundwa.
Na hivi vinavyosimama,
navyo kuna mtu aliinama usiku chini ya taa,
akapima, akakata,
akaamka asubuhi bila mkanda
asiseme kitu.

Mbwa hakugeuza hata kichwa.
Maite alipiga makofi, kisha akasema,
"Lakini inavuta kushoto."
Kweli inavuta, kidogo.
Nimempigia Bautista.
Amesema nije Jumatatu, nisije mapema,
na nije taratibu.