Ghorofa ya Saba

Lifti ya jengo letu hula sarafu.
Hapa Kutaisi ndivyo zilivyo lifti za majengo ya zamani:
usipoilisha, hupandi.
Jioni ile ya Februari nilipekua mkoba,
nikapekua koti, nikapekua hata soksi,
nikapata risiti ya famasi, pini, na maganda ya alizeti.
Nikazitazama ngazi.
Nazo zikanitazama.

Nina miaka hamsini na mmoja.
Hedhi yangu siku hizi ni mgeni asiyebisha hodi:
miezi mitatu kimya, kisha huyo,
na mizigo yake yote, katikati ya harusi ya mpwa wangu.
Na usiku huja lile joto,
kutoka kifuani hadi masikioni,
kana kwamba mtu amewasha tanuri la mkate ndani yangu
akaenda zake.
Otari hulala amejifunika mpaka pua.
Mimi nimesimama dirishani, gauni la kulalia limeninata mgongoni,
nahesabu taa za ng'ambo ya mto,
nasahau nimefika ngapi,
naanza upya.

Daktari alisema, "Ni umri, Tsiuri,"
kama mtu anavyosema, ni mvua.

Basi nikapanda.
Ghorofa ya kwanza kwa kiburi.
Ya pili kwa kushika ukuta.
Ya tatu nikaketi chini, mlangoni pa Nargiza,
moyo ukinigonga kama mdai.
Nikasikia harufu ya kitunguu saumu kutoka ndani,
nikasikia na aibu yangu, nayo ilikuwa na harufu.
Zamani niliruka kamba nikawashinda wavulana.
Zamani mwili huu niliuvaa
bila kutazama vifungo.

Nargiza akafungua, ndoo ya taka mkononi.
Hakusema pole.
Alisema, "Alhamisi, saa moja usiku, ukumbi wa shule.
Njoo na raba.
Na chupa mbili zilizojaa mchanga."

Tuko tisa. Kocha wetu ni Eteri,
aliyecheza mpira wa mikono enzi za usichana wake
na goti moja bado humtabiria mvua.
Hasifu mtu. Anahesabu tu.
"Kiti kipo nyuma yako, Lamara, hakikimbii, shuka!"
Tunachuchumaa, magoti yanalia kama milango ya ghala.
Mmoja anacheka, kibofu kinamsaliti,
anakimbilia chooni, anarudi bado anacheka,
na hakuna anayeinamisha macho.
Joto likimpanda mtu, yeyote aliye karibu hufungua dirisha.
Hatuulizani ni nani.

Sikukonda. Niseme kweli:
sketi ya bluu bado imenikatalia.
Wiki ya nne nililia ndani ya koti,
nikaapa sirudi,
nikarudi, kwa kuwa chupa zangu nilizisahau kule.
Ila juzi dukani nilinyanyua gunia la viazi
kabla kijana hajamaliza kusema, "Nikusaidie, bibi?"
Nikamwacha na mikono yake hewani.
Na Otari ameuliza, bila kuinua macho kwenye gazeti,
mbona siku hizi natembea sakafuni
kama mwenye nyumba.

Leo, ghorofa ya tano, likanijia tena.
Nikavua koti. Nikafungua dirisha la ngazini.
Tukakaa, mimi na joto langu,
kama watu wawili wasiojuana
wanaosubiri basi moja.
Likaondoka lilipotaka.
Nikapanda zilizobaki.

Mlangoni pangu, nikitafuta ufunguo,
vidole viligusa kitu cha duara, cha baridi,
kilichokuwa kimepenya tundu la mfuko
kikajificha ndani ya bitana, tangu Februari.
Sarafu.

Nikaitia mkobani.
Kuna siku za viazi.