Mjane wa Chumba cha Chini

Jumapili, Winnipeg, nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Magari ya waumini yamechomekwa nyaya ukutani
kama wagonjwa wenye dripu,
nasi tuko chini ya kanisa, chumba cha boila,
watoto kumi na mmoja, makoti hawajavua.

Nimekuja na somo la saburi.
Nimeliandika kwenye kadi,
nimelipimia dakika ishirini,
maana basi la saa saba likinipita
la pili ni baada ya saa nzima,
na kituo chetu hakina ukuta.

"Alikuwako hakimu mmoja," nikaanza, "moyo mkavu,
Mungu kwake si kitu, watu ni kelele za mlangoni."
Byamungu akakimbilia kiti cha plastiki,
taulo la jikoni likawa joho,
akavimba mashavu.
"Na mjane, nani?"
Wasichana wakatazama viatu vyao.
Mkono ulioinuka ulikuwa wa Elikana.

Elikana, ambaye kutaja jina lake tu
ni kupanda ngazi na gunia mgongoni.
Mtu akacheka nyuma.
Apendeki akamkanyaga.

Akajitanda skafu yangu, akabisha hewani: ko, ko.
"Ni-nipe ha..."
Neno likagoma kizingitini.
"Ha... ha..."
Boila ikanguruma, ikanyamaza.
Nikaitazama saa. Nakiri.
Nilikuwa nayo ile silabi mdomoni, tayari kumtemea:
*haki*, mwanangu, sema *haki*, tumalize!
Mimi, mwenye kadi ya saburi.

"Nenda zako!" akafoka hakimu.
Elikana akaenda, hadi rafu ya vitabu vya nyimbo,
akagusa mbao, akageuka, akarudi.
Ko, ko.
"Nipe ha..."
"Nenda!"
Akaenda. Akarudi.
Viatu vyake vya theluji vikadondosha maji sakafuni,
kijia chembamba, cha kwenda na cha kurudi,
na aliyecheka sasa alikuwa amesimama
aone vizuri.

Bibi yangu alipenda kusema bandu bandu huisha gogo,
nami miaka yote nilidhani anasifu shoka.
Leo nimesikia: methali yenyewe ina kigugumizi.
Bandu... bandu...
na hakuna aliyewahi kuiambia ifanye haraka.

Ee Mungu, huu ni mwaka wa sita nabisha kwako
juu ya makaratasi ya mume wangu,
maneno yale yale, usiku ule ule,
mara nyingine nafika nusu nalala.
Hujawahi kunikatiza.
Hujawahi kunimalizia sentensi.
Nilidhani ni kimya.

Sikuhesabu ilikuwa mara ya ngapi.
"Nipe ha... ha-haki yangu!"
Halikutoka zima. Lilitoka limechubuka magoti,
lakini lilitoka, likasimama katikati ya chumba,
nasi sote tukaliangalia.

Byamungu akasahau kufoka.
"Haya basi, chukua!" akasema,
na kwa kuwa hakuwa na haki ya kumkabidhi
akapekua mfuko wa koti,
akatoa nusu ya biskuti.
Elikana akaila palepale, skafu kichwani,
makombo yakaangukia sufi yangu.

Dirisha la chumba kile liko juu, usawa wa barabara.
Nikaona magurudumu ya basi yakipita,
magurudumu tu, na tope la chumvi.
Kadi ilikuwa bado mfukoni. Sikuisoma.

"Tuigize tena," akasema Apendeki,
"mjane niwe mimi."
Byamungu akavua taulo, akadai amechoka kuwa mbaya.
"Hakimu nani, basi?"
Wote wakanigeukia.

Nikavaa taulo. Lilikuwa na unyevu, lanuka chai.
Nikaketi kwenye kile kiti kidogo, magoti kifuani,
nikasubiri.

Ko, ko.