Nyumba Isiyo na Mlango

Nyumba yangu haina mlango wala dirisha.
Wengine hujibu "yai" wakicheka.
Mimi nilijibu nikiwa na miaka sita,
midomo imeumuka kama maandazi,
ndani ya gari la baba, Duluth, mwezi wa pili,
barafu ikilia chini ya magurudumu
na mama akiniita, Aili, Aili,
kana kwamba nilikuwa naondoka bila kuaga.

Yai lenyewe lilipakwa tu juu ya mkate wa iliki,
ili ung'ae.

Tangu siku ile jalada langu lina neno moja jekundu.
Daktari aliyeliandika alikwisha kufa.
Neno halikufa.

Kila Oktoba muuguzi alikuja kiwandani kwetu,
kiwanda cha karatasi, harufu ya kabichi iliyochacha.
Wenzangu walikunja mikono ya mashati wakapanga foleni,
mimi nikawa mshika makoti.
"Chanjo ya mafua hukuzwa ndani ya mayai. Wewe usithubutu."
Sikuthubutu miaka thelathini na minne.
Nilijua koti la kila mtu kwa uzito wake:
la Orrin lina funguo, la Delphine peremende za koo,
la Toivo kopo la tumbaku ya kutafuna.
Mwaka juzi mafua yakanilaza siku kumi na tisa,
nikahesabu mbavu kwa kikohozi,
ya saba ikapata ufa.

Mtafunwa na nyoka, hata unyasi humshtua.
Sawa. Lakini nani alinishika mkono
akaniambia: huu, Aili, ni unyasi?

Jumanne nilikwenda kuchukua dawa ya presha tu.
Mfamasia, Mai Yer Vang, kucha fupi, miwani kichwani,
akauliza: Na chanjo ya mafua?
Nikamtajia neno langu jekundu,
kwa fahari kidogo, kama mtu atajaye ukoo wake.
Hakushtuka.
"Chanjo yenyewe iliwahi kukudhuru?"
La. Yai tu.
"Basi mzio wa mayai haukuzuii tena.
Chanjo yoyote ifaayo umri wako, hata iliyokuzwa kwenye yai;
linalobaki humo ni chembe isiyotosha kuamsha ugomvi.
Na kama moyo hautulii, ipo iliyolelewa katika seli za mnyama,
na ipo nyingine ambayo haijaonana na kuku kamwe,
hiyo hutengenezwa kwa seli za kiwavi."
Kiwavi?
"Kiwavi wa nondo."

Nikacheka hadi mzee aliyekuwa akichagua soksi akageuka.
Kisha nikauliza: tangu lini?
"Miaka kadhaa sasa."

Kadhaa.
Kicheko kikanikauka kooni.
Hakuna aliyenificha. Hakuna aliyeniambia.
Kati ya hayo mawili ndimo nilimoishi.

Ya kiwavi ingefika Ijumaa. Ya yai ilikuwepo pale.
Nikavua koti, nikakosa pa kuliweka,
Mai Yer akalipokea akalitundika kwenye kiti chake.
"Utakaa robo saa, kama kila mtu.
Dawa ya dharura ninayo, kama niliyo nayo kwa kila mtu."
Kama kila mtu: sikuwahi kuambiwa hivyo.

Dakika ya kwanza niligusa midomo.
Ya tatu, tena.
Ya saba, Mungu anisamehe, nilitamani ivimbe,
ili miaka ile isiwe ya bure.
Ya kumi na tano nilisikia njaa.

Sasa ni usiku, bega la kushoto linauma kidogo.
Mume wangu kapanga mayai yake rafu ya chini, kumi na mawili.
Sitayala. Hilo halijabadilika,
midomo ina kumbukumbu zake.
Ila nimesimama hapa, jokofu wazi, tukitazamana,
naye toka kitandani anapiga kelele:
Funga, Aili, maziwa yataharibika.