Ngazi Ishirini na Tisa

Pesa ziliingia Jumanne, simu ikalia mara moja tu:
laki tisa, elfu arubaini na mbili, na shilingi sita.
Malimbikizo ya marupurupu ya mazingira magumu,
kesi tuliyoifungua wauguzi kumi na wanane.
Tuliobaki kuusoma ujumbe huo ni saba.
Nikavua miwani, nikaifuta kwa leso, nikasoma tena.
Zile sita ndizo zilizonifanya niamini:
mwongo hakumbuki shilingi sita.

Kufika Alhamisi kila mtu ana mpango na pesa zangu.
Nabhan, kutoka Mombasa: "Uza nyumba, mama, uongeze na hizo,
kuna fleti ina lifti, unabonyeza kidole tu."
Zena: "Tujenge vyumba vitatu darini, wageni walipe kwa usiku,
wewe ukae ukipokea." Nikamuuliza, nikae wapi?
Shemeji Bwanakheri ana mtu mwenye ploti Malindi,
ina hati, ina mnazi mmoja, na maji yako karibu.
Hilo "karibu" nalijua. Nilizalisha miaka thelathini na mmoja;
kila mume aliyenigongea usiku alisema wanakaa karibu.

Fundi Shee akaja na futikamba, akagonga kuta,
neru ikamdondokea viatuni kama unga wa maandazi.
Mimi ndimi niliyemvuta duniani, katanguliza miguu,
na hata leo kazi huianza kwa upande usiofaa.
"Bi Rukiya," asema, "magoti yako yamestaafu,
ngazi hazijastaafu. Shuka tini.
Msana ule uwe chumba, choo cha kukalia pale penye stoo,
nakumalizia kabla ya Maulidi."

Alikuwa na haki. Ngazi ni ishirini na tisa.
Nikipanda nazihesabu kimoyomoyo, nikishuka kwa sauti.
Ya kumi na nne ina ufa. Ya ishirini napumzika,
naweka mkono ukutani pale palipong'aa
kwa mkono wa mama, na wa bibi kabla yake.

Nikatoa daftari la zamani la wodi.
Kushoto nikaandika: kushuka. Kulia: kubaki.
Kushoto kukajaa haraka. Punda wa mchanga, mlango, majirani;
jeneza nalo litapita kwa urahisi
(hilo nililiandika, kisha nikalikata).
Kulia niliandika neno moja: wikio.

Maana kule juu, juu ya kichochoro,
kuna chumba chembamba kinachovuka hadi kwa Tima.
Wanaume wanapita chini yetu, hawajui tunacheka nini.
Tima haoni tena zaidi ya kivuli.
Kila baada ya alasiri huja akipapasa ukuta, hatua kumi na moja,
na kahawa ya tangawizi ndani ya chupa,
nami namsomea vibandiko vya dawa zake, namkata kucha.
Boriti mbili zimeliwa na mchwa. Akipita nazisikia zikilia,
na Tima ni mwepesi kama leso iliyokauka.

"Nusu ya wikio ni ya watu!" Nabhan akapaza simuni.
Nikamwambia boriti haikatwi katikati, mwanangu.

Basi: boriti nane za mkoko.
Choo cha kukalia, lakini juu. Tangi na pampu.
Chuma cha kushikia tangu ngazi ya kwanza.
Kapu dirishani, na kijana wa dukani
alipwe kila wiki anitilie mkate na samaki.
Zinazosalia ni za kuugua, na sitaki kuulizwa.
Zena alinuna siku nne. Ya tano akaleta kamba ya buluu,
akaifunga mwenyewe, akaining'inia kuijaribu.

Leo Shee kang'oa sakafu. Katikati pana pengo,
naona kofia za wapita njia.
Tima amesimama upande wake, mimi wangu.
"Uko?"
"Niko. Usisogee."
"Zimebaki ngapi?"
"Shilingi sita," namdanganya,
na tunacheka mpaka Shee anashusha nyundo,
anatutazama, mmoja baada ya mwingine.