Viazi Saba

Baba alitushusha langoni, mimi na Khyati,
mvua ya Ardenne ikichapa mabegi.
"Jumapili saa kumi," akasema,
na wipa za gari zikamwitikia.
Sikuja kutafuta dini.
Mama alikwisha lipa.

Tulikuwa vijana thelathini na wawili,
wengi wetu wa Antwerp, wana wa meza za almasi,
na mmoja wa Rotterdam aliyejiletea godoro lake
kama mtu aliyeonywa.

Usiku wa kwanza nilitoroka na Jinay
hadi kijijini, kwenye kibanda cha chipsi.
Katika nchi hii kiazi ni kama salamu,
asiyekipokea huulizwa anaumwa nini.
Nyumbani hakijawahi kuvuka kizingiti,
wala kitunguu, wala karoti,
wala chochote kinachong'olewa na shina lake.
Nilikula saba.
Najua ni saba kwa sababu nilihesabu,
na asiyejali hahesabu.

Asubuhi Pallaviben, mhandisi wa madaraja,
koti la manjano, raba zimelowa,
alifunga daftari kabla hajalifungua.
Akatupeleka ng'ambo ya ua kwa mzee Lambert
aliyekuwa anavuna viazi vyake.
"Tazameni tu."

Jembe likazama, likainua bonge la udongo.
Chungu wakatawanyika na mayai yao mdomoni,
kila mmoja na lake, hakuna aliyetupa.
Nyungunyungu akawa wawili,
na wote wawili wakaendelea kujinyonga
kana kwamba kuna mahali pa kuwahi.
Sisi kimya. Pallaviben kimya.
Mzee Lambert ndiye aliyevua kofia, akasema, "Samahani,"
sijui kwetu, sijui kwa nani.

Ndipo Jinay akauliza, huyu huyu wa chipsi:
"Na almasi je? Nazo hazichimbwi?"

Palinyamaza hata mvua ikasikika ilivyokatika.
Nikaona vidole vya baba yangu,
koleo ndogo, lenzi kwenye jicho,
karatasi ya buluu iliyokunjwa mara tano,
na ndani yake ada yangu ya shule iking'aa.
"Swali hilo," akasema Pallaviben,
"nimelala nalo miaka ishirini.
Karibu. Kitanda ni kipana."

Jioni tulikaa samayika:
mkeka wa sufu, nguo nyeupe,
dakika arobaini na nane bila kudhuru kitu.
Ya kumi, mguu ukafa ganzi.
Ya kumi na tisa, tumbo la Khyati likahutubia ukumbi mzima,
tukacheka kwa mabega.
Baada ya hapo sikumbuki saa.
Namkumbuka konokono kwenye kioo cha dirisha,
akipanda na nyumba yake yote,
nami nimekuja siku mbili
na jozi nne za viatu.

Mwisho tuliombana radhi, mmoja mmoja, viganja vimekutana.
*Michami dukadam*: kosa langu na lisizae.
Wa Rotterdam alilia, akasingizia mafua.

Baba alichelewa. Kumi na nusu.
Nikaketi mbele, nikafunga mkanda,
nikamwambia michami dukadam kabla ya shikamoo.
"Umefanya nini?"
"Viazi saba."

Hakuwasha gari.
Akafuta kioo ambacho hakikuwa na ukungu.
"Mimi ni kumi na moja," akasema.
"Juma langu la kwanza nchi hii, nje ya stesheni, baridi, sijui lugha.
Nilidhani ni ndizi mbichi."

"Ulijua lini?"

"Kipande cha pili."

Khyati nyuma alijifanya amelala.
Baba akafungua mlango, akashuka na suti yake mvuani,
akawasha tochi ya simu
akaanza kukagua barabara mbele ya magurudumu,
ameinama kama anatafuta jiwe lililoanguka,
akiokota konokono mmoja mmoja,
akiwaweka majanini.

Nikashuka upande wangu.
Walikuwa wengi.