Mlango wa Kulia

Nililinunua kwa kilo, kama nyama.
Muuza skrepa wa Kizota aligonga boneti, akasema:
tani tatu na nusu, mama, ukitoa vioo.
Vioo havikuwepo. Nikamwambia atoe na kuku
aliyekuwa akiatamia kwenye kiti cha dereva.

Hilo ni la tatu uani kwangu.
Wenzangu tuliostaafu nao masijala
kiinua mgongo walikizika kwenye zabibu, kule Hombolo;
mmoja amejenga vyumba, anapangisha wanachuo.
Mimi nina magari matatu ya zimamoto yasiyotembea
na shemeji anayeniuliza kila Jumapili baada ya ibada
kama nasubiri mji uungue.

Miaka thelathini nilitunza majalada ya watu.
Najua kitu kinavyopotea:
hakipotei, kinawekwa mahali.
Basi naanza na wembe.
Nakwangua rangi karibu na bawaba:
nyekundu ya juu, ya brashi, ya mtu mwenye haraka;
chini yake kijivu;
chini ya kijivu nyekundu nyingine, nzito kama divai ya padri;
na chini kabisa chembe ya kijani
ambayo hadi leo haijanipa jibu.

Mtaka cha mvunguni. Nami nainama,
magoti haya haya, tochi mdomoni,
upepo wa Julai ukinijaza mchanga masikioni,
nasoma namba ya chasisi kwa ncha ya kidole:
saba, saba, moja, kisha kutu, kisha nne.
Jalada lake mchwa walilimaliza.
Waliacha pini.

Lakini mlangoni, chini ya vumbi, tarakimu nyeupe: 2.
Namba mbili! Nilipiga kigelegele peke yangu, kuku wakatawanyika.
Nani mjini hapa hajasimuliwa namba mbili,
usiku mabehewa ya pamba yalipowaka stesheni?

Nikamtafuta dereva wake, nikampata Mvumi.
Yoramu Chidawali alikuja kwa bodaboda,
mtoto wa jicho macho yote mawili,
koti la sare halina kifungo hata kimoja.
Hakutusalimia sisi. Alisalimia gari.
Akapanda, akaitafuta klachi kwa mguu,
akaingiza gia, akaitoa, akaiingiza tena.
Kisha akashuka, polepole.

"Silo.
Langu gia ya pili ilikuwa kaidi, lazima uibembeleze.
Hii inaingia yenyewe. Hii haijawahi kukimbizwa.
Hili lilikuwa la maji, mama.
Miaka ya ukame lilipeleka maji wodi ya wazazi,
na wageni wakubwa wakija, lilimwagilia maua.
Namba mbili liliungua. Pale pale, upepo ulipogeuka."

Nilikuwa na daftari mkononi. Sikuandika.
Naye, akitafuta pa kushika asianguke,
aliuegemea mlango.
Vidole vikasimama.
Chini ya kishikio ipo mikwaruzo, mifupi, imelundikana,
niliyoidhania ya misumari ya skrepa.
Alivua pete yake ya ndoa, akaipitisha humo.
Ikaingia.

"Huu ni wangu," akasema.
"Bawaba zilikatika, ukabaki karakana.
Usiku ule nilikwenda motoni bila mlango.
Ndiyo maana niliweza kuruka."
Akaweka shavu kwenye bati, kama anasikiliza.
"Mika alikaa upande wa kushoto.
Mika alikuwa na mlango."

Shemeji, aliyekuja kucheka, akaenda kuleta kiti.

Nimeandika hivi kwenye leja yangu:
Gari: la maji. Moto: hakuna.
Mlango wa kulia: Na. 2.
Safu ya maelezo nimeiacha wazi, wino ulinigomea,
au mkono.

Jioni nilitia mafuta bawaba.
Sasa unafunguka kwa kidole kimoja.
Wa kushoto bado umekwama.
Kesho nitaanza nao, mapema, kabla ya upepo.